Bwana Ikawaje na Simu za Wiki ya Pili

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mratibu wa warsha zetu za maadili anastaafu baada ya kuitumikia Idara ya Falsafa kwa miaka thelathini na miwili. Kadi ya mwaliko inaiita siku hii sherehe, nasi tumevaa kisherehe. Lakini ukiitazama safu ya mbele walikoketi wahadhiri, utaona nyuso za watu wanaosubiri majibu ya vipimo.

Alianza akiwa mhadhiri msaidizi, kijana mwembamba mwenye sauti nene. Warsha za miaka ile zilikuwa ulingo: mtoa mada hajamaliza, wenzake wameshasimama. Yeye ndiye aliyeleta sharti kwamba huruhusiwi kuipinga hoja ya mwenzako mpaka uieleze upya, na mwenyewe akiri kuwa umemwelewa. Profesa mmoja alijaribu mara tatu, akashindwa, akaketi akinung'unika kwamba heri kutetea tasnifu. Ugomvi ukapungua, chai ikaanza kunywewa ingali moto.

Hata hivyo, kazi yake kubwa ilizaliwa na hofu. Katika miaka yake ya mwanzo alialika wauguzi kwenye warsha kuhusu kumwambia mgonjwa ukweli. Alijenga hoja imara: ukweli ni haki ya mgonjwa, na anayeuficha humdhulumu. Makofi yakapigwa, watu wakaenda zao. Kesho yake muuguzi mmoja akamweleza mzee aliyekuwa taabani, bila ndugu wala daktari kando, kwamba hatapona. Mzee akageukia ukutani, asiseme tena na mtu hadi alipofariki. Mratibu wetu alizipata habari hizo miezi kadhaa baadaye, tena kwa bahati tu, akiwa kwenye foleni ya benki. Hoja yake hakuikana. Anaitetea hadi leo. Kilichomnyima usingizi ni kwamba muda wote ule hakuwa ameuliza.

Tangu hapo, wiki mbili zikitimia baada ya kila warsha, huwapigia simu washiriki, mmoja mmoja. Hana salamu ndefu: "Ehe, ikawaje?" Ndipo alipopata jina la Bwana Ikawaje. Mkewe husema aliolewa na mwanafalsafa, akajikuta anaishi na ofisi ya simu. Wapo waliozima simu zao siku hiyo. Wapo pia walioipokea kabla haijalia mara ya pili, maana waliamua jambo zito kwa kusikia maneno yetu, na hawakuwa na wa kumwambia kwamba limewaelemea. Kwa sababu yao, mada kadhaa ziliandikwa upya, na nyingine zikaachwa kabisa.

Warsha yake ya mwisho, Jumatatu ya wiki iliyopita, ilihusu undugu na haki. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alitoka akisema ameamua: atatoa ushahidi dhidi ya kaka yake wa tumbo moja, aliyevujisha mitihani. "Wanawe wananiita shangazi," aliongeza akiwa mlangoni. "Nitawatazamaje?"

Wiki mbili zinatimia Jumatatu ijayo, na mstaafu atakuwa nyumbani. Aliomba aachiwe walau simu hiyo moja. Kikao cha idara kililijadili ombi hilo kwa kirefu, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kutaka simu ipigwe na mwingine. Hatimaye mkuu wa idara, ambaye amefundisha somo la wajibu tangu enzi za chaki, aliomba namba ya mwalimu yule. Aliiandika, kisha akaisoma tena kwa sauti kuhakikisha. Alisema mstaafu akiachiwa hii, ataachiwa na ijayo, na sisi tutabaki na makofi tu.

Ndugu yetu, tunakushukuru kwa kutufundisha kwamba hoja haiishi ukumbini. Huwafuata watu hadi nyumbani na kulala humo. Hatuwezi kuahidi kwamba tutajua la kumwambia dada yule. Tunaahidi kwamba simu yake italia.

Tunakuombea miaka mingi yenye afya, usingizi mzito na nyumba iliyojaa vicheko. Jumatatu, tuombee sisi.