Cherehani na Mzungu wa Nne

Marehemu mshona magodoro, ambaye sote tulimwita Cherehani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga. Mama yake alisimulia kwamba mateke aliyaanza tumboni.

Alisoma hadi darasa la nane, 1958 mpaka 1965, na jina alilipata huko. Miguu yake ilitikisa dawati mpaka mwenzake akachapwa kwa hati mbovu. "Mwalimu, si mimi, ni huyu cherehani!" Jina likaganda.

Mwaka 1974 alifungua chumba cha kushonea nyuma ya soko. Kila godoro la sufi lililoletwa alilisoma kwanza, ndipo akalifumua. Bonde moja katikati: "Hawa bado wachanga, au kitanda kidogo." Mabonde mawili na mlima kati yake: "Hawa wanataka kikao, si sufi." Alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu, na wapo hapa walionuniana kwa ajili yake.

Alifunga ndoa Jumamosi, 6 Desemba 1980, na muuza vitambaa wa duka la jirani. Lakini mkuki kwa nguruwe: godoro lake mwenyewe hakutaka lisomwe. Mwaka 1993 dada yake alisaidia kulianika, akakuta bonde la mume huku na la mke kule. Walikuwa wanalala mzungu wa nne, kichwa cha mmoja miguuni pa mwenzake!

"Wifi, mnalala kama watoto wageni wakija?" dada aliuliza. "Kaka yangu unamwelekezea nyayo?"

Wifi akaligeuza godoro upande wa pili. Kikao kikaitishwa, na marehemu akacheka tu: "Ya chumbani yana mlango." Basi ikavuma kwamba ndoa ile ni jina, mke hamtaki mume. Maneno hayo mkewe ameyabeba miaka thelathini na miwili, na leo ameomba ukweli usemwe. Miguu ya mumewe haikutulia hata usingizini, naye aliona haya ijulikane kwamba mwanamume mzima halali mpaka ashikwe miguu. Ndipo mkewe akageuka, akaikumbatia kifuani, na akalala hivyo siku zote.

Figo zilianza kumsumbua marehemu Juni 2021. Wodini muuguzi alimwekea mkewe kiti upande wa kichwa. Yeye akakihamishia miguuni. Alhamisi, 9 Oktoba 2025, saa nane mchana, daktari alikuwa bado anatazama mashine.

"Ametulia," mkewe akasema.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, na dada mmoja, ambaye ndiye anayewasomea haya, na ambaye anamwomba wifi yake radhi mbele yenu nyote.

Apumzike kwa amani, yeye na miguu yake.