Daktari Aliyeizima Mashine

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, ndugu madaktari na wauguzi, wageni waalikwa, na wewe Daktari wetu unayestaafu leo: habari za mchana.

Mimi si mtaalamu wa ubongo. Ni mke wa fundi wa kuchomelea vyuma, yule pale kwenye kiti cha magurudumu. Kiharusi kilimnyang'anya ulimi, akili ikabaki timamu. Daktari akampandikizia kifaa kichwani, ili anachowaza kitamkwe na mashine iliyo kando ya kitanda.

Siku ya kuiwasha tulijaa chumbani. Mama yangu mzazi akaingia na vikapu vyake. Mashine ikasema, kwa sauti safi kabisa: "Huyu naye kaja tena!"

Mnacheka. Hata sisi tulicheka, mama mwenyewe akashika mbavu. Lakini mume wangu alikuwa analia. Nani kati yetu, ndugu zangu, angependa kila linalompitia kichwani litangazwe mbele ya wakwe? Daktari aliliona lile chozi, akaizima mashine.

Wahandisi walioiunda wakanung'unika. "Daktari, si inafanya kazi? Atazoea. Na tukirekodi kila kitu tutajifunza mengi."

Akawajibu, "Mgonjwa wangu aliomba kusema. Hakuomba kusikilizwa anapowaza."

Miezi ikapita, Daktari hataki kuiwasha. Nilimkasirikia, maana nilitamani hata tusi kutoka kwa mume wangu. Mwishowe wakaitengeneza upya: neno halitoki mpaka mwenyewe awaze kwamba anakunja ngumi, na yanayobaki kichwani hayarekodiwi popote.

Siku ya kuiwasha tena, mama alikuwepo pia. Tukasubiri. Kisha tukasikia: "Mama, nisamehe. Karibu ukae."

Mama akavuta kiti. "Mkwe wangu," akasema, "mimi na wewe tumewaziana hivyo tangu harusi."

Ndugu zangu mnaobaki kazini, vifaa hivi vitaongezeka, na vitaletwa hata kwa wazima, maofisini na madarasani. Msikubali kuviwasha kabla ya kumwuliza mwenye kichwa chake.

Jana nilimwuliza mume wangu nikuambie nini kwa niaba yake, Daktari. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akafikiri sana, halafu akaniambia, "Hilo niachie mimi."

Basi nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Nampisha aseme mwenyewe.