Mgeni Niliyempa Fimbo ya Maharage

Vijana mtakaosoma haya, wekeni simu pembeni kidogo. Bwana asifiwe sana! Mimi ni bibi yenu wa hapa Magamba. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo msitafute maneno mazuri. Nataka kusema jinsi Mungu alivyonitoa mahali ambapo mpaka leo sijui niliingiaje.

Ndugu zangu, mimi kanisani ni kiongozi wa maombi wa akina mama. Nina rafiki huko Mishamo, Mama Nestori, wazazi wake walitoka Burundi. Tulikutana kwenye semina tukapendana, tukawekeana desturi. Kila kiangazi, mavuno yakishaingia ndani, anakuja kwangu siku tatu. Tunafunga, tunaomba, roho zinapata nguvu ya mwaka mwingine. Masika nafasi hakuna, mnajua wenyewe. Jembe halikuachii.

Kiangazi kilichopita alikuja akanikuta uani, turubai limejaa maharage makavu. Nikamwambia, "Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe si mgeni, shika fimbo leo leo!" Akacheka, akajifunga kanga kiunoni. Tukapiga maharage. Siku ya pili tukapepeta. Siku ya tatu nikamwonyesha mahindi ya kupukuchua. Jioni mimi nasinzia na sahani mkononi. Siku ya nne akapanda gari akaenda zake. Hatukupiga goti hata mara moja! Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba kazi imeisha.

Jumapili iliyofuata nikasimama mbele kuongoza maombi. Nikasema, "Baba..." Basi. Neno la pili halikuja. Watu wamefumba macho, wananisubiri. Nikarudia, "Baba..." Nikakaa.

Ndugu zangu, nilichanganyikiwa! Nyumbani naongea, wajukuu nawagombeza vizuri kabisa, lakini nikipiga magoti tu kinywa kinakuwa kitupu. Nikaenda zahanati wakapima damu, malaria hakuna. Mkwe wangu Kabula akasema ni presha. Jirani akasema, "Hapo kuna mkono wa mtu, twende kwa mganga." Nikamfukuza, lakini nakiri mbele zenu, nilianza kuwatazama watu kwa jicho baya. Mara nawaza nimemkosea Mungu, mara nawaza ni uzee tu. Nilitaka kutubu, sikujua nitubu nini. Wiki zikapita hivyo.

Ndipo Nestori, kijana wa rafiki yangu, akanipigia simu. "Shikamoo Mama Masanja. Hivi wewe na mama mliomba nini? Ana uvimbe kwenye titi, daktari anamwita, yeye hataki. Anasema alikuja kwako kutafuta nguvu ya kwenda hospitali, akarudi bila."

Nilikaa chini kwenye vumbi. Kesho yake asubuhi nikapanda gari la Mishamo. Nikamkuta anamenya mihogo. Nikamwuliza kwa ukali, maana ukali ndio ninaoujua, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenisikia saa ngapi, Mama Masanja? Kila nikifungua mdomo unasema piga hapa, bado hapa."

"Si ungeitupa hiyo fimbo!"

"Mbele yako? Ungenichapa nayo."

Akacheka, halafu akalia. Nami nikalia. Nikamshika mikono. Ndugu zangu, neno likaja! Halikuja kwa Kiswahili cha kanisani, lilikuja kwa Kisukuma cha mama yangu, ambacho sikuwa nimewahi kuombea mbele ya mtu. Yeye naye akashika Kirundi chake. Hakuna aliyejua mwenzake anasema nini. Tulipoinuka jua lilikuwa limeshageuka. Akajifuta uso kwa kanga akasema, "Basi kesho unisindikize hospitali."

Amefanyiwa upasuaji, anaendelea na dawa. Atapona? Sijui. Na msiniulize kinywa changu kilifungwa na nini, kama ni Mungu, au uchovu, au dhambi yangu. Nimewaza mpaka nimechoka, hilo nalo sijui. Ninachojua ni aliyekifungua. Asante Yesu! Asante Yesu kwa kunivumilia!

Wewe kijana unayesema utamtafuta Mungu kazi zikipungua, mimi nina miaka mingi, sijaona siku kazi zimepungua. Mtegemee leo, na vumbi lako hivyo hivyo. Hatakukimbia.

Nyumbani kwangu nimeshatoa amri, na Kabula ni shahidi. Mavuno yakiingia ndani, siku tatu hakuna kazi hapa, ni maombi. Mgeni akifika, apewe maji, atandikiwe mkeka, aulizwe amekuja na nini moyoni, na nyie mumsikilize mpaka amalize. Asiyeweza kunyamaza aende akakae na ng'ombe.