Salamu ya Oarabile Seitshiro

Ndugu waombolezaji, marehemu Oarabile Seitshiro alizaliwa hapa Serowe tarehe 14 Agosti 1991, mtoto pekee wa mama yake, hayati Gaolatlhe, akalelewa na bibi yetu, Bibi Gabaitse, huyu aliyeketi mbele yenu kwenye godoro la wafiwa, akasoma hapahapa msingi na sekondari, kisha akaenda Palapye kusomea ufundi wa mitambo ya maji, akahitimu Novemba 2012.

Kuanzia Februari 2013 alitengeneza pampu za visima kwenye kambi za ng'ombe, na wengi mlioketi hapa, ng'ombe wenu wamekunywa kwa jasho lake, kiangazi baada ya kiangazi.

Mwaka 2014 aliwaambia watu wa nyumbani kwamba hajioni mwanamke, wala hajioni mwanamume, akaomba kwa heshima zote asiitwe mma, yaani mama, wala asiitwe rra, yaani bwana, atajwe kwa jina lake tu. Sasa, kwetu kumsalimia mtu mzima kwa jina tupu ni kumvunjia heshima, kwa hiyo watu wenye adabu zao, kwa kuogopa kumtukana, wakaacha kumsalimia kabisa, akipita wanainama kufunga kamba za viatu, hata waliovaa kandambili.

Ni Bibi Gabaitse aliyeona njia, siku moja uani, mbele ya watu, akamwambia, "Dumela, Phuti," akimsalimia kwa jina la paa, mnyama wa ukoo wetu, ambaye wake kwa waume tunamrithi sawasawa. Mjomba Rantao akaja juu: "Mama, hiyo ni salamu ya wakubwa! Kitoto cha juzi kisalimiwe kama chifu?" Bibi akamtazama. "We Rantao, huyo paa ulimnunua lini wewe?" Watu wakacheka, Mjomba hakucheka, na tangu siku hiyo hakumsalimia tena mtoto wa dada yake, ingawa kila sikukuu marehemu alipeleka kiti chake karibu na cha Mjomba, akakaa, akangoja.

Marehemu hakuoa, wala hakuolewa, wala hakuacha mtoto, ila sisi binamu zake wadogo aliotubeba mgongoni tupo, na tunajua tulibebwa na nani.

Machi mwaka huu wa 2024 figo zilianza kumsumbua, na tarehe 29 Juni alipelekwa hospitali ambayo familia haitaitaja, akalazwa kwenye benchi la korido, huku wakubwa wa hospitali wakibishana kama ni wa wodi ya wanawake au ya wanaume, kana kwamba figo nazo huvaa sketi na suruali, hadi akazidiwa, akafariki alfajiri ya tarehe 3 Julai, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bibi.

Familia inamshukuru muuguzi aliyevua koti lake akamfunika pale kwenye benchi, madaktari waliofika, ingawa walichelewa, mafundi wenzake waliochimba kaburi, na majirani wote, wakiwemo waliokuja leo kumsalimia kwa mara ya kwanza.

Mjomba Rantao, kwa desturi yetu wewe ndiye wa kwanza kutupa udongo, sisi tutafuata nyuma yako, na Bibi ameomba kila anayetupa atoe na salamu, kwa hiyo tutanyamaza, Mjomba, tukusikie.

Dumela, Phuti wetu. Pumzika kwa amani.