Kilio Kwenye Feri ya Mbita

Javan, fundi wa injini za boti, hakupanga kusikiliza, lakini kina mama wawili waliokaa mbele yake kwenye feri ya Mbita hawakujua kunong'ona. Mmoja, Rispa, alikuwa akimrudisha mwanawe nyumbani Karungu baada ya upasuaji. "Waliusimamisha moyo kabisa, mama," alimwambia bibi aliyekutana naye hapo hapo. "Saa nzima mashine ndiyo iliyomsukumia damu na kumpumulia, wao wakiziba tundu la moyoni."

Bibi akaweka chini kikapu chake. "Basi alikufa. Na aliyekufa akarudi haingii boma na jina lile lile, nyathina, mwanangu. Mpe lingine kabla hujafika langoni."

"Hakufa! Alikuwa anatengenezwa."

"Huku moyo umesimama?"

Javan, aliyezima injini nyingi ili azitengeneze na hajawahi kuombwa azibatize upya, aliuma mdomo asicheke.

Mtoto akaanza kulia. Rispa akamrukia kwa mazoea, akambembeleza mbio mbio, kisha akaacha ghafla. "Miezi kumi na minne sijamwacha alie," alisema. "Akilia kidogo tu, midomo inageuka bluu, pumzi inakata."

Wote wawili wakainama kuitazama ile midomo. Javan naye akachungulia. Ilikuwa myekundu kabisa.

"Lia, baba," Rispa akasema. "Lia tu."

Bibi alianza tena habari ya jina, lakini feri ilikuwa imeshafika, na hakuna aliyemsikia kwa kelele za huyo marehemu wake.