Shangazi na Mshiriki Namba Kumi na Saba

Shangazi yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mizani, alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa nne wa fundi saa na mkunga. Mkunga alijizalisha mwenyewe huku akimfokea mumewe maelekezo. Fundi saa aliandika muda mpaka sekunde. Ugonjwa wa kuandika kila kitu Shangazi aliurithi hapo.

Akiwa sekondari ya bweni, alipima maziwa ya mabweni mawili kwa kikombe kimoja, wiki tatu mfululizo, akathibitisha kwamba bweni lao linapunjwa. Mpishi alihamishwa, naye akapewa adhabu ya kufagia kwa kosa la kuchunguza wakubwa. Alihitimu udaktari mwaka 1982 na uzamivu katika homoni mwaka 1989.

Mwaka 1985 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto wawili. Tangu 1998, kila Jumatatu aliondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri bila kugusa chai. Mumewe, kama mwanamume yeyote mwenye akili timamu, akashuku. Alimfuata kwa baiskeli, akamwona akiingia maabara kwa mlango wa nyuma na kutoka baada ya robo saa, mkono ameukunja.

"Umeumia?"

"Nimeegemea meza vibaya. Na wewe, mume wangu, baiskeli imekupotezea njia?"

Kazi yake kubwa ilitoka katika jarida la kitabibu mwaka 2010. Kwa miaka kumi na moja alifuatilia watu thelathini na mmoja, akionyesha kwamba homoni ya insulini hupanda kimyakimya miaka mingi kabla sukari ya damu haijapanda. Washiriki thelathini walipimwa kila baada ya miezi mitatu. Namba 17 alipimwa kila Jumatatu, mara 572, bila kukosa hata kwa mafua. Jarida likaandika kwamba binadamu wa namna hiyo hayupo. Chuo kikaunda kamati ya watu watatu.

"Mtaje."

"Niliwaapia washiriki kwamba sitawataja."

"Tuambie basi ni mwanamume au mwanamke."

"Hata hilo."

"Tutaamini umemtunga."

"Aminini."

Makala ikafutwa. Juni 2011 akavuliwa ukuu wa maabara. Alimwambia baba yangu, "Kaka, nikimtaja mmoja, waliobaki watajua mdomo wangu unavuja." Sisi wa nyumbani nasi hatukuwa malaika. Mimi mwenyewe nilimuuliza mezani, mbele ya wageni, "Shangazi, huyo namba 17 anakula chakula au anakula wino?" Alicheka, akanisogezea sahani.

Kisukari kiligundulika kwake mwaka 2014, figo zikafuata. Alifariki wodini Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2024, akiwa na miaka 67, baada ya kumsahihisha daktari wa zamu kipimo cha dawa.

Juzi muuguzi wa maabara yake, ambaye sote tunamwita Sindano, alituletea bahasha. Ndani ilikuwa fomu ya ridhaa ya namba 17, na saini yake tunaijua: ndiyo iliyokuwa kwenye kadi zetu za sikukuu ya kuzaliwa. Chini ameandika, "Nikifa, nitajwe. Si kabla."

"Nilimsihi, 'Dokta, jitaje uokoke,'" Sindano alitusimulia. "Akanijibu, 'Mshiriki hajatoa ruhusa.'"

Mtafiti haruhusiwi kujiingiza kwa siri katika utafiti wake. Hapo alikosea, na hatufichi. Lakini hakutunga mtu.

Mjumbe mmoja wa ile kamati yuko nasi hapa mazishini, mstari wa pili. Karibu, Profesa. Nakala ya fomu imechapwa nyuma ya kijitabu hiki. Tunaomba uisome kwa shaka ileile: kagua saini, kagua tarehe, mhoji Sindano. Marehemu asingekubali usome kwa huruma.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, kaka mmoja, na washiriki thelathini tusiowajua. Huenda wengine wamekaa hapa, nasi hatutawauliza.

Apumzike kwa amani Mshiriki Namba Kumi na Saba. Ametajwa.