Tone la Damu Kisiginoni: Risala ya Wazazi wa Watoto Wenye Magonjwa Adimu ya Kurithi

Mgeni rasmi, mganga mkuu, wauguzi, na nyote mlioacha shughuli zenu asubuhi hii,

KARIBU

Karibu katika korido hii, mheshimiwa. Ukumbi tulioahidiwa una mkutano mwingine, nasi mabenchi haya tumeshayazoea. Utuwie radhi watoto wakipiga kelele. Wengine wao hawazisikii.

TULIKOTOKA

Tupo familia kumi na tisa. Kikundi kilianzishwa na mwenzetu fundi cherehani, tunayemwita Mama Vifungo. Ameturuhusu tukusimulie yaliyompata.

Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alizaliwa mzima. Alipofika miezi mitatu alianza kupata degedege, ngozi ikatoka vipele, nywele zikapukutika. Akatibiwa malaria, akatibiwa kifafa, akatibiwa fangasi. Alifariki kabla ya kutimiza miaka miwili. Akazaliwa wa pili, msichana, na yakaanza yale yale. Mama mkwe hakumung'unya maneno: "Kwetu ugonjwa huu hatuna. Umekuja nao wewe." Mumewe, fundi wa kuchomea vyuma, alichukua zana zake akaenda kazini, na hilo lilimuuma mwenzetu kuliko maneno ya mama mkwe.

Siku moja kliniki, muuguzi wa mizani, aliyejua kuwa kaka wa mtoto alifariki, alimvua mtoto kofia, akaona kichwa kitupu.

"Mama, kaka yake naye alinyonyoka hivi?"

"Hivi hivi."

"Usiondoke. Keti hapo hapo."

Muuguzi akamwita daktari wa watoto. Damu ilipelekwa nje ya nchi, na majibu yakarudi baada ya miezi saba: mwili wa mtoto hauwezi kutumia ipasavyo vitamini moja. Dawa yake ni vitamini hiyo hiyo, kidonge kila siku, maisha yote.

Daktari aliwaita wote watatu, mama, baba na bibi. "Nusu katoa baba, nusu katoa mama. Hakuna aliyekosea."

Bibi akasema, "Kumbe na sisi tumo." Akamshika mkwewe mkono, akalia.

MAFANIKIO

Degedege ya binti huyo ilikoma ndani ya siku nne za kumeza dawa. Nywele zimeota, na leo amesukwa. Ndiye yule mwenye sketi ya njano. Watoto wengine wanne nao sasa wanajua wanaumwa nini.

CHANGAMOTO

Lakini masikio yake hayakupona. Usikivu ulipotea katika ile miezi saba ya kungoja. Daktari bingwa wa magonjwa ya kurithi hufika hapa mara mbili tu kwa mwaka, na familia kumi na nne bado zinaambiwa, "Tutaona." Mheshimiwa, watoto wawili waliokuwa kwenye orodha tuliyoleta ofisini kwako mwaka jana hawamo kwenye ya mwaka huu. Hatukusahau kuwaandika.

MAOMBI

Tunaomba kila mtoto anayezaliwa hapa atolewe tone la damu kisiginoni na kupimwa magonjwa haya kabla hajatoka wodini. Tunaomba damu hiyo ipimwe hapa hapa nchini.

Ombi la mwisho ni la Mama Vifungo. Kwenye faili la mwanawe, penye sababu ya kifo, pameandikwa "homa". Karani wa masjala alimwambia, "Faili la marehemu halifunguliwi tena." Anaomba lifunguliwe, uandikwe ugonjwa wenyewe. Tulipokuwa tukiandaa risala hii alituambia, "Sitaki atakayelisoma adhani sikuhangaika naye."

Mwenyezi Mungu akulindie wanao, mheshimiwa, na autie nguvu mkono wako utakaposhika kalamu.

Ni sisi,
Umoja wa Wazazi Tunaosubiri Majibu